Mtoto yuko shule ya kutwa Eastlands, Marekani watamwangalia kweli?

Barua za mwezi huu karibu zote zimekuwa za kitu kimoja, shule aliyosoma mtoto na chuo anachotaka. Nimechukua tatu, nimezifupisha kidogo, na ile ya kwanza nimeijibu kirefu manake kuna ploti inataka kuuzwa.

Mwalimu, habari yako. Msichana wangu yuko kidato cha tatu shule ya kutwa ya kaunti ndogo huku Eastlands. Tangu kidato cha kwanza hajatoka nambari moja, muhula uliopita alipata A-. Anataka kusomea uhandisi Marekani kwa skolashipu na ameanza kufanya hayo maswali ya SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya huko, usiku kwa simu yangu. Shemeji yangu anaishi huko, anasema hakuna chuo kikubwa kitamwangalia mtoto wa shule isiyojulikana, nimhamishe shule ya kimataifa hata kama ni miaka miwili ya mwisho. Wanataka karibu milioni moja na nusu kwa mwaka. Tuna ploti Kamulu, baba yake amekubali tuuze. Niambie ukweli kabla hatujasaini. Mama Shiru, Umoja.

Mama Shiru, msiuze. Naanza na hilo kabla ya maelezo, na kama mnunuzi mmeshampa siku ya kuonana na wakili basi mpigie leo umwambie asubiri.

Shemeji yako hajakosea yote. Shule ina uzito, na nikikuambia haina nitakuwa nakudanganya. Lakini huo uzito hauko pale anapodhani uko. Faili ya mtoto ikifika kwa hivi vyuo vya kuchuja sana, haiji peke yake. Kama ameomba kupitia Common App, ile fomu moja ya mtandaoni inayotumwa vyuo vingi, shule inatuma vitu vyake pia: transkripti, yaani rekodi ya maksi ya miaka yote minne, barua za walimu, ripoti ya shule inayojazwa na mwalimu wa ushauri ama mwalimu mkuu, na karatasi fupi ya kueleza shule yenyewe ni ya aina gani, ina wanafunzi wangapi, inafundisha masomo gani, inapeana maksi vipi, KCSE watoto wake hupata nini. Na vyuo vingi vimegawa kazi kwa maeneo, kwa hiyo mtu atakayesoma faili ya Shiru kuna uwezekano mkubwa ndiye anasoma za Kenya nzima, KCSE anaijua, anajua A- si kitu cha kuokotwa barabarani. KCSE ya 2024 waliofanya ni zaidi ya watahiniwa 960,000 na waliopata A kavu walikuwa 1,693. Huyo msomaji akishika faili anajiuliza huyu mtoto alikuwa na nini mbele yake na amekifanyia nini. Mtoto aliyeongoza darasa la watu sitini, maabara moja, anafika nyumbani saa moja usiku kwa matatu na bado anaandaa chakula cha wadogo zake, akipata A- hiyo inasomwa tofauti na A- ya mtoto mwenye kila kitu. Hapo shule yake ndogo haimzuii, mradi tu mtu ameieleza.

Sasa kwa nini shemeji anaona watoto wa shule za kimataifa ndio wanaingia? Sababu ya kwanza ni mfuko. Vyuo vingi vya Marekani, mwanafunzi wa nje akiomba pesa za karo, hiyo pesa inahesabiwa wakati wa kuamua kama atachukuliwa. Mwenye mzazi wa kulipa yote anapita mlango mpana zaidi. Kwa hiyo unaona watoto ishirini wa shule fulani wameenda unasema shule imewapeleka, kumbe wengi wao ni wazazi wamelipa, shule ilikuwa tu njiani. Ukiuza ploti ukalipe karo ya miaka miwili hutakuwa umeingia kwa hilo kundi, kwa sababu ikifika karo ya chuo bado Shiru ataomba msaada kama angebaki hapo alipo, na ploti imeenda.

Viko vyuo vichache ambavyo haviangalii uwezo wa kulipa hata kwa mwanafunzi wa nje, na ukichukuliwa vinakupa kulingana na mahitaji ya familia: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, na miaka ya karibuni Dartmouth, Bowdoin na Brown wameingia humo. Hivi ndivyo vya kumlenga Shiru, lakini pia ndivyo vigumu kuliko vyote. Walioomba Harvard kuingia 2024 walikuwa 54,008, wakachukuliwa 1,937. Nakupa hiyo hesabu ujue kwamba hata mtoto wa shule ya bei ghali kuliko zote hapa Nairobi, mwenye kila kitu, uwezekano mkubwa ni atakataliwa.

Sababu ya pili ni ile inayoniuma, na hapa nakubaliana na shemeji. Shule zenye pesa zina mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni haya mambo. Anajua fomu, anajua tarehe, anamjua mtoto kwa jina, anaandika barua kurasa mbili. Kuna utafiti wa 2023 wa Raj Chetty, David Deming na John Friedman, waliangalia watoto wa Marekani wenyewe, wakapata kwamba mtoto wa familia tajiri kabisa ana nafasi zaidi ya mara mbili ya kusoma vile vyuo vya juu kuliko mtoto wa familia ya kawaida mwenye maksi zilezile za mtihani. Moja ya sababu walizopata ni alama zinazopewa mambo ya nje ya darasa, na watoto wa sekondari za kibinafsi walikuwa wanapewa hizo alama juu kuliko wenzao. Akili ni moja, anayeongea kwa niaba ya mtoto ndiye tofauti. Hiyo si haki na sitaipamba, lakini ni kitu unaweza kupunguza bila kuuza shamba.

Halafu kuna hatari ambayo shemeji pengine hajaifikiria. Shiru yuko kidato cha tatu, wao ndio darasa la mwisho kabisa la mtaala wa zamani wa 8-4-4, KCSE yao ni 2027. Ukimtoa sasa umpeleke mfumo wa Uingereza atarudi nyuma kuanza IGCSE, na IGCSE pekee haimalizi sekondari, baada yake kuna miaka miwili ya A-Level. Hiyo miaka miwili yako inageuka minne. Na badala ya rekodi safi ya nambari moja miaka mitatu, anaingia darasa jipya, mtaala mpya, walimu hawamjui, na hao wasiomjua ndio wataombwa barua.

Pesa kidogo na nguvu nyingi ziende kwa karatasi. Mwaka mmoja nilikuwa nasaidia kijana mmoja, kichwa kweli, alikuwa ameomba vyuo sita. Alikuja kwangu na bahasha ya kaki ina ripoti fomu, tukazimwaga kwa meza tukahesabu, muhula kwa muhula, zikawa mbili hazipo. Zilizuiliwa kwa sababu ya deni la karo na baadaye hakuna aliyekumbuka. Tukaenda shuleni, naibu akafungua kabati, humo ndani kuna mipira iliyoisha hewa, maboksi ya chaki, na chini kabisa faili za maksi zenye vumbi, tukatafuta jina lake kwa kidole laini moja moja mpaka tukampata. Ilikuwa tayari Desemba. Shule imefungwa, mwalimu mkuu yuko ushago kwake hakuna neti, muhuri umefungiwa ofisini, na vyuo vingi tarehe ya mwisho ni siku za kwanza za Januari. Barua ya shule ikafika imechelewa, vyuo viwili vikampita hivyo. Maksi alikuwa nazo. Mimi hiyo Krismasi sikuila vizuri.

Kwa hiyo Mama Shiru, muhula huu huu, kusanya ripoti fomu zote tangu kidato cha kwanza. Kama kuna deni, kaa na bursa mpange mlipe pole pole mradi zitoke. Zipige picha vizuri, weka kwa email, asili weka kwa faili ndani ya sanduku. Nenda umwone mwalimu mkuu wewe mwenyewe, ukiwa na baba Shiru kama inawezekana, umweleze mtoto anataka nini, uulize ni mwalimu gani atashika hii kazi. Wengi hawajawahi kufanya, wataogopa, usichoke nao.

Kuhusu wakati. KCSE inafanywa mwisho wa mwaka na matokeo hutoka Januari, yaani vyuo vinafunga maombi kabla mtoto hajaona gredi yake. Wanafunzi wengi wa Kenya hungoja, wanapata matokeo, wanatumia ule mwaka kufanya SAT na kuandika insha, wanaomba mwisho wa mwaka, wanaenda mwaka unaofuata. Kukaa nyumbani mwaka si aibu na msikubali majirani wawasumbue. SAT yenyewe siku hizi ni ya kompyuta, haifanywi kwa simu, kwa hiyo mazoezi aanze kuyafanya kwa laptopu hata ya kuazima wikendi, na Khan Academy wana masomo yake bure. MIT wanaitaka lazima. Harvard wameirudisha pia, isipokuwa kwa mtu ambaye kweli hana njia ya kuifikia, huyo wanaweza kumkubalia matokeo ya mtihani wa taifa kama KCSE. Amherst na Bowdoin hawalazimishi.

Na kuna watu wa kumshika mkono bila kuomba milioni. Ofisi ya EducationUSA iliyo chini ya ubalozi wa Marekani inashauri bure. Zawadi Africa ni ya wasichana wa familia zisizo na uwezo. Equity Leaders Program inasaidia waliofanya vizuri KCSE kuomba vyuo vya nje. Kule North Rift kuna mradi wa KenSAP tangu 2004, na watoto wao wanatoka shule za kawaida za KCSE, wameingia vyuo vikubwa huko mwaka baada ya mwaka. Hiyo ndiyo ningemuonyesha shemeji. Ejenti yeyote anayekuambia ana mtu ndani ya chuo, toka hiyo ofisi.

Na ajaze KUCCPS vilevile, wale wanaopanga wanafunzi kwa vyuo vya hapa Kenya, bila kusubiri ya Marekani.

Mwalimu, nilimaliza shule ya kitaifa, moja ya zile kubwa kabisa, nikapata B+. Maseniya wetu wameenda Yale na kwingine. Jina la shule litanibeba? Na hapa nyumbani KUCCPS wanaangalia ulitoka wapi? Brayo, Kahawa West.

Brayo, ya KUCCPS ni rahisi, hawana habari na bleza yako. Wanaangalia gredi yako, pointi za klasta, yaani za masomo ambayo kozi hiyo inahesabu, zinazoishia 48, na ushindani wa kozi uliyochagua mwaka huo. Wa shule ya kitaifa na wa shule ya kutwa wakiwa na pointi sawa wanasimama laini moja. Shule kubwa ilikusaidia kabla ya mtihani, kwa walimu na maabara, baada ya mtihani imemaliza kazi.

Ya Marekani, jina litakusaidia kidogo na kukuumiza kidogo. Litakusaidia kwa sababu shule yako imeshatuma karatasi huko mara nyingi, transkripti inajulikana, mwalimu mkuu anajua fomu. Litakuumiza kwa sababu anayesoma anaona kwenye karatasi ya shule kwamba wenzako wangapi walipata A na A-, na wewe mwenye vitu vilevile ulipata B+. Swali lake ni lile nimemwambia Mama Shiru, umekifanyia nini ulichopewa. Kama kuna sababu, baba aliugua, ulikuwa unafanya kazi gereji likizo zote, isemwe wazi na mwalimu kwenye barua yake, wewe usiipigie kelele kwenye insha. Na usiangalie Yale peke yake. Viko vyuo vidogo vizuri sana huko vinavyotoa pesa kwa wanafunzi wa nje. Hao maseniya waliotangulia waandikie, waulize walipewa pesa wapi, hilo ndilo jina la shule linaweza kukufanyia, namba za simu.

Wangari Maathai alitoka Loreto Limuru akaenda chuo kidogo cha masista kule Atchison, Kansas, mwaka wa 1960. Nani hapa alikuwa amekisikia?

Mwalimu mwenzangu, mimi ni mwalimu wa kemia shule ya kutwa Ruai. Mwanafunzi wangu ameniomba barua ya kumpendekeza chuo cha Marekani, na mwalimu mkuu ameniachia pia ile karatasi ya kueleza shule. Sijawahi. Naogopa nitamharibia. Nianzie wapi? Mwalimu wa Ruai.

Mwalimu, asante kwa kuogopa, ni ishara unajua unachoshika. Wewe ndiye yule mtu ambaye shule za kimataifa zinalipa mshahara mzima, na unafanya baada ya vipindi sita na rundo la vitabu vya kusahihisha.

Karatasi ya shule ni ukurasa mmoja, si lazima iwe na rangi. Andika shule iko wapi, ni ya kutwa, wanafunzi wangapi, darasa moja lina wangapi, mikondo mingapi. Masomo mnayofundisha, na msiyofundisha, hili wengi huliacha na ndilo linamuokoa mtoto, kama hamna kompyuta wala fizikia ya vitendo sema, asije akaonekana yeye ndiye alikataa kuchukua somo gumu. Eleza KCSE inavyopangwa kutoka A hadi E. Kisha matokeo ya shule ya miaka miwili mitatu, A wangapi, B wangapi, usifiche yakiwa chini. Shule yenu ikiwa na wastani wa D+ na huyu mwanafunzi ana A-, hiyo namba inamsifu kuliko barua yangu na yako. Weka tarehe, muhuri, sahihi. Na uihifadhi, manake hawa wa gredi ya kumi wa mtaala mpya nao watakuja kuomba, na msomaji wa ng'ambo ataihitaji zaidi kwa mfumo ambao hajauzoea.

Kiungo cha Common App kitatumwa kwa email yako, kwa hiyo mpe mwanafunzi email ya shule kama ipo, kama haipo yako ya kila siku ambayo unaifungua. Asikufungulie yeye. Nimeona watoto wazuri wakifungua email kwa jina la mwalimu ili kumpunguzia kazi, na chuo kikigundua kinafuta kila kitu hata kama kila neno lilikuwa kweli. Hata kuandika barua mwenyewe halafu wewe uweke sahihi, kataa.

Sasa barua. Usiandike ni mwanafunzi mwenye bidii, nidhamu na anayemcha Mungu. Hiyo ni ya cheti cha kumaliza shule, na msomaji ameiona elfu. Kaa chini ukumbuke siku moja. Labda siku ile bureti zilikuwa mbili kwa darasa zima, akapanga wenzake zamu kwa daftari, yeye akajiweka wa mwisho, kengele ikalia hajafanya, akarudi kesho saa moja kasoro asubuhi kabla ya gwaride akamaliza titresheni yake peke yake na wewe ukamkuta anaosha vyombo. Kama jambo la namna hiyo lilitokea, liandike lote na usiogope kuwa ni dogo. Kisha sema ni wa ngapi kati ya wote uliowafundisha miaka yako yote, ukiwa mkweli. Kama ni bora kuliko wote kwa miaka kumi, andika miaka kumi. Kama ana udhaifu na ameupigania, weka hapo pia.

Aya nne tano zinatosha. Ukimaliza, mwite mwalimu mwingine hapo stafrumu anayewafundisha hao hao, msomee bila kutaja jina. Akikatiza katikati akuambie "si huyo ni fulani," itume.